Marahaba Kwanza

Kila siku mama mmoja alifua mashuka ya hospitali kutwa nzima, na jioni alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, vidole vimenyauka kwa sabuni. Mke wa mwanawe humpokea mlangoni: "Shikamoo, mama." Naye, badala ya kuitikia, huanza: "Hiyo ndoo inamngoja nani? Mikono imeota kutu?"

Binti wa watu huenda kulilia jikoni.

Mwishowe mwanawe, dereva wa lori, akamwambia, "Mama, tunahama. Mwenzangu ana mimba, na akisikia tu kandambili zako anatetemeka."

Maneno yalimchoma. Akaapa kwamba hatamgombeza tena mkwewe maishani. Kabla sahani hazijaondolewa mezani, kiapo kilishavunjika, kisa chumvi.

"Mimi nimeshindikana," alimwambia mwenzake kazini wakikamua mashuka. "Ulimi hauna mfupa."

"Shoga, unataka kubeba mlima kichwani. Wewe itikia tu shikamoo ya mtoto wa watu. Ukishaitikia, gomba mpaka koo likauke."

Wakacheka, ingawa hata kucheka kulichosha.

Jioni ile marahaba ilimtoka kama amri ya askari. Mkwewe nusura aangushe bakuli. Ugomvi ukafuata vilevile. Siku nyingine alisahau, akakumbuka ameshapita, akarudi mlangoni kwa aibu na kusema, "Marahaba, mwanangu." Baadaye akaongeza, "Umeshindaje?" Sasa, ukiuliza, sharti usubiri jibu, na kwa miguu ile iliyosimama kutwa, kusubiri ni kukaa. Akikaa, nusu ya hasira imeshapoa.

Hata hivyo walihama. Chumba kilikuwa kimeshapatikana. Yeye mwenyewe alisaidia kufunga godoro kwa kamba, kisha akabaki na nyumba iliyompwaya.

Miezi ikapita. Jumapili moja mkwewe akaingia na mkoba, tumbo limeshuka, mume yuko safarini.

"Mama, siku zimekaribia. Kama hutajali, nijifungulie kwako."

"Kwangu kitu gani? Hapa ni kwenu," alisema mama, akainuka kumtandikia kitanda chake mwenyewe.

Mtoto alizaliwa wiki ileile. Bibi akawa anafua nepi baada ya mashuka ya kutwa, akinung'unika jinsi sabuni inavyokwisha.

"Mama, umeanza," mzazi alisema kutoka kitandani.

"Nimeanza, ndiyo. Nimechoka, mwanangu. Uniwie radhi."

Akaketi kando yake, akanyoosha miguu.