Shangazi Aliyeshindwa Kunifukuza

Usiku wa jana niliota nimeingia ofisi ya makao, kochi la shangazi yangu Mwatumu nimelibeba mgongoni. Tangu nyumba niliyopanga iuzwe, nalala juu ya kochi hilo, sebuleni kwake. Nilikwenda kuomba chumba wanachopewa wasio na makao.

Mezani ameketi afisa wa makao, Kufuli, mnene, amevaa tai.

"Kisheria, asiye na makao ni yule asiye na pahali anaporuhusiwa kulala," anasema. "Wewe unalala wapi?"

"Kwenye hili."

Kufuli analigeukia kochi. "Unamruhusu?"

"Mimi huwa siulizwi," kochi linajibu. "Ila anakoroma."

"Basi unayo makao. Labda uwe umetishiwa kufukuzwa."

"Shangazi hatishi. Huuliza tu kama nitakunywa chai."

"Aseme 'toka' mbele yangu. Hapo nitakupa chumba."

Ofisi inakuwa sebule. Shangazi anatoka jikoni na mwiko, anamuuliza Kufuli hali ya nyumbani kwake, na watoto. Kisha namweleza shida yangu.

"Nimfukuze mtoto wa kaka yangu? Majirani wanione vipi?"

"Utakuwa umenisaidia, shangazi."

Anavuta pumzi. Najua ananipenda, na najua amechoka.

"To..." anaanza. Kufuli anainua kalamu. "Toa sahani kabatini, baba, mgeni ale."

Kufuli anakula wali. Shangazi anajitanda kanga.

"Kufukuza sijui," anasema. "Kusindikiza najua. Twende."

Tunatoka, tunashika barabara ya vumbi jekundu. Kufuli anatufuata, mdomo umejaa.

"Aliyesindikizwa ameondoka kwa hiari," anasema. "Aliyeondoka kwa hiari hapewi chumba."

"Na nikirudi?"

"Ukirudi, unayo makao."

Nusu ya njia shangazi anasimama, kama inavyotakiwa kwa anayesindikiza, ananipa mkono. "Haya baba, mimi naishia hapa. Wasalimie."

Sijui niwasalimie kina nani. Natazama mbele, hakuna nyumba hata moja. Nageuka, narudi naye.

Nikaamka kochini, kumeshakucha. Nilipoteremsha miguu niliona ina vumbi jekundu mpaka vifundoni.

Shangazi alikuwa mlangoni, anakung'uta kandambili zake.

"Siku nyingine nikikusindikiza," alisema bila kunitazama, "uende."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.