Nane Zake, Mbili Zangu

Kitendawili, wewe unayenisikiliza: kisu anacho mwenzangu, kukata anakata yeye, lakini neno langu moja linamlaza njaa pamoja nami. Umeshindwa? Mji wako baki nao, jibu nakupa bure. Ni mchezo wa binti yangu.

Binti yangu wa pili ni profesa wa uchumi. Anachunguza watu wanavyoamua wakigawana kitu, na wenzake huita hiyo nadharia ya michezo. Mimi nilidhani ni kuruka kamba. Kumbe alikwenda kwa wafua nguo wa hospitali, akawaketisha wawili wawili, pazia katikati. Mmoja anapewa vipande kumi vya sabuni, agawe apendavyo. Wa pili akikubali, kila mtu anabeba fungu lake. Akikataa, vyote kumi vinarudi kwenye boksi, wanatoka mikono mitupu. Mbeba boksi nilikuwa mimi.

Vitabu vyake vinasema wa pili atakubali hata kimoja, maana kimoja ni zaidi ya sifuri. Basi mpiga pasi mmoja, mjane mwenye watoto wanne, akaletewa viwili. Akavisukuma vikarudi chini ya pazia.

"Mwanangu, nyumbani una sabuni?" nikamuuliza.

"Sina hata ya kunawia uso, bibi. Lakini huyo aliyejiwekea vinane anadhani mimi nimeokotwa?"

Wengi waligawana sawa kwa sawa. Waliopelekewa kimoja au viwili walikuwa kumi na mmoja, na tisa walikataa. Jioni nikamuuliza binti yangu, "Ungekuwa wewe, ungepokea?"

Akatafuna kalamu. "Mama, mtafiti hachezi."

"Hujanijibu."

Akaenda kuoga.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa ofisini kwake, nimekaa karibu na mlango nikingoja anipeleke kupimwa macho. Akaingia bosi wake, mkuu wa kitivo, na ule utafiti mkononi. Bila saini yake hauchapishwi, na usipochapishwa, mkataba wa binti yangu hauongezwi. Hilo nililijua.

"Profesa, hawa tisa watoe. Hawakuelewa mchezo. Ni watu wa darasa la saba."

"Na mimi ni wa darasa la saba," nikasema. "Nimeuelewa."

"Shikamoo, mama," akasema, kama mtu anayefunga dirisha, akamrudia binti yangu. "Halafu jina langu litangulie, lako lifuate. Ukikataa sisaini, na hapo hakuna changu wala chako. Kidogo si haba, Profesa."

Miaka mitatu ya jasho la mwanangu ilikuwa kwenye karatasi zile, na jasho si langu la kuliamulia.

Binti yangu akazichukua mkononi mwa bosi, taratibu. Akazisawazisha juu ya meza, akaziweka kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Nisingepokea, Mama."