Nyumba Iliyovuka Mto na Bibi Ndani

"Haki ya Mungu, kila neno ni kweli tupu," alisema Mzee Theophil, mkono kifuani kama anayeapishwa. "Nikitia chumvi hata punje, mnifanye mtakavyo."

"Mwaka jana ulituambia kuna meya alichaguliwa akiwa marehemu," alisema Imelda, mwenyekiti wa chama chao cha Watanzania, akimimina mkaa kwenye jiko la kuchomea nyama.

"Na alishinda kwa kishindo!"

"Haya. Ukikamatwa leo, nyama yote unachoma wewe, na huongei mpaka wote tushibe."

Watu wakapiga makofi. Kuchoma nyama hakukumtisha. Dereva mstaafu wa basi la jiji, aliyekula theluji za Minneapolis miaka yote ile, moto ataukataaje? Lakini kunyamaza! Kila kiangazi, Watanzania wakikusanyika bustanini Inver Grove Heights, kando ya Mississippi, aliyesubiriwa ni yeye. Historia ya kaunti hakufundishwa na mtu. Aliiokota kwa abiria, na palipotoboka akashona mwenyewe.

Akaelekeza kidole kwenye nyumba ya mbao ya manjano, ng'ambo ya uzio. Bikizee wa Kizungu alikuwa barazani akimenya njegere, wala hakuinua macho.

"Mnaiona ile? Ilijengwa ukingo wa pili wa mto. Mwenyewe, Mswidi mmoja mkaidi, akagombana na jirani kisa jogoo. Akasema, nahama, na nyumba nahama nayo! Mto ulipoganda akaitia magogo chini, akaifunga kwa maksai. Mama yake akakataa kutoka. Alikuwa anakoroga uji, na uji, jamani, hauachwi. Katikati ya mto barafu ikasema kwaa! Wakakata kamba, maksai wakapona, nyumba ikaelea."

"Nyumba nzima, mzee?" aliuliza Hemed, mfamasia.

"Sikiliza kwa masikio, bwana, siyo kwa shahada! Ikaelea mpaka hapa. Bibi akafungua dirisha, akauliza, 'Tumefika? Uji tayari.' Makarani wa kaunti mbili wakaja mbio kugombea kodi. Akawapa uji, wakasahau kilichowaleta."

"Na yule bikizee pale?"

"Kitukuu wake. Mtazameni vizuri, mpaka leo anayumba kwa mawimbi."

Watu wakavunjika mbavu.

"Kamwene," ilisema sauti ya barazani, kwa salamu ya Kihehe.

Kicheko kikakatika. Bikizee alikuwa amesimama, bakuli kiunoni.

"Naitwa Susan. Nilikuwa mkunga wa misheni kule Iringa mpaka nikazeeka. Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu, papa hapa, tuliporudi. Haijawahi kulowa miguu."

Theophil alitamani ardhi impokee. Ni yeye, si mwingine, aliyewaonya wageni wote: Minnesota usimsengenye mzee wa Kizungu kwa Kiswahili, Walutheri wa huku nusu yao wamekunywa chai Iringa.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Songea."

"Mngoni! Nilijua tu." Macho yakamng'aa. "Mimi Wahehe ndio walionilea. Kwa hiyo wewe mtani wangu, na mtani hasamehewi."

Hapo hapakuwa na rufaa. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, leo ni watani, na mtani haombwi radhi wala hakasirikiwi. Imelda akamvisha Theophil aproni, akamkabidhi koleo, na Bibi Susan akavushwa uzio na kukalishwa kwenye kiti cha msimuliaji.

"Sasa niwaambie ya kweli," alianza. "Mume wangu alipochimba msingi alikuta kambare mkubwa amelala udongoni, anakoroma. Tukamfuga. Jumapili tulikwenda naye kanisani."

Theophil akafumbua mdomo.

"Mzee!" Imelda alinyanyua kidole. "Hatujashiba."

Akaufumba. Akageuza mbavu za mbuzi, moshi ukamwingia machoni.

"Kwaya ilikuwa haina mwimbaji wa besi, ile sauti nzito ya chini," Bibi Susan aliendelea, akimtazama yeye tu. "Tukampa majaribio."

Theophil akaongeza mkaa, apate kuwashibisha upesi.