Shahidi wa Markwart

"Nani alikuona ukinipa mkono?" Bwana Gerlach aliuliza huku akichambua miiba ya samaki taratibu, kana kwamba anauliza bei ya shayiri.

Markwart alisimama katikati ya ukumbi na minyororo miguuni, ndevu zimetapakaa uchafu wa wiki tano za mnarani. Macho yake yalipita kwa wageni, yakapita kwa wapiganaji walioacha kula, mpaka yakanifikia mimi niliyekaa karibu na mlango na kinubi changu magotini. Hapo yakatua. Nilijua anachokijua.

Wiki tano nyuma, kwenye kivuko cha mto Neckar, nilikuwa nimeshika hatamu za farasi wa akiba wa Bwana Gerlach, hatua ishirini tu kutoka pale Markwart alipoangushwa. Nilimwona akivua kofia ya chuma, akapiga goti kwenye matope, akanyoosha mkono. Kwetu mkono huo ukishapokelewa, vita imekwisha kati ya hao wawili. Aliyeshindwa ana uhai wake, na aliyeshinda anaulinda kama uhai wa ndugu yake. Bwana Gerlach aliupokea. Akachukua na glavu ya Markwart iwe alama, akaichomeka mkandani, akamwambia, "Inuka, umepigana kiume." Nilimpenda sana bwana wangu siku ile.

Jioni ikaja habari kwamba Eberwin, mwanawe wa pekee, ameuawa kwenye kinu cha kusagia nafaka na watu wa Markwart. Hakulia. Aliichomoa ile glavu mkandani, akaitupa motoni, akaitazama ikijikunja mpaka ikaisha. Kisha akageuka, akaniona.

"Leo hakuna mtu aliyenipa mkono, Ortlieb," alisema. "Au yupo?"

"Hakuna, Bwana."

Sikuwa mtu huru. Shamba langu, paa langu, hata nyuzi za kinubi changu zilikuwa zake, na nilishamshuhudia akiamuru mpiga zeze mmoja akatwe vidole vitatu kwa wimbo wa mzaha tu. Najitetea, ndiyo. Nina miaka sabini na mbili sasa; nimejitetea kwa miaka arobaini na kesi bado sijaishinda.

Basi nikafanya wanachofanya waoga wenye kipaji: nikatunga wimbo. Alhamisi ile kabla ya Pentekoste, wageni wakiwa wameshaanza kuwasili Rabenfels, ngome ya bwana wangu, niliimba juu ya muungwana wa nchi ya mbali aliyemwacha hai adui wa nyumba yake, na mwanawe bado hajazikwa, kwa kuwa alikwisha kuupokea mkono wake. Sikutaja jina la mtu. Nilidhani nitamlainisha bwana wangu polepole, naye asijue nani amemlainisha. Wanawake walijifuta machozi kwa mikono ya magauni. Bibi Richenza, mama yake Eberwin, hakutoa chozi. Alisimama.

"Gerlach, huyu uliyemfunga mnarani alikupa mkono?"

"Hakunipa."

"Basi aletwe aseme mwenyewe."

"Kesho asubuhi ananyongwa, mke wangu. Ya nini kuharibu chakula?"

"Jumapili napokea mwili wa Bwana wetu," alisema. "Sitaupokea na damu ya mtu kooni. Mwanangu namlilia usiku na mchana, unanisikia. Lakini kama huyu ulimpa neno lako, humnyongi."

Mbele ya wageni wale wote asingeweza kukataa. Ndivyo Markwart alivyoletwa ukumbini, ndivyo swali lilivyoulizwa, na ndivyo macho yake yalivyonifikia mimi.

Bibi Richenza aliyafuata macho hayo.

"Ortlieb," aliniita kwa upole, "si wewe uliyeshika farasi kule kivukoni? Uliona nini?"

Bwana Gerlach aliweka kisu chake mezani. Hakuniangalia, wala hakuwa na haja ya kuniangalia.

"Amemeza ulimi!" binamu yake mmoja alipayuka, kikombe mkononi. "Sasa hivi alikuwa anatumwagia maneno kama mvua, mara ghafla kiangazi!"

Watu wakacheka. Nilifungua mdomo. Kuna siku naamini kwamba nilikuwa nataka kusema kweli, kwamba neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Siku nyingine siamini.

"Huyo hakuona kitu, Bibi," Markwart alisema.

Alikuwa ameyatazama magoti yangu, ambayo yalikuwa yakikitikisa kinubi mpaka nyuzi zikawa zinavuma zenyewe.

"Alikuwa mbali," akaendelea, "anahangaika na farasi aliyepandwa na wazimu. Muda wote alitupa kisogo. Naapa kwa jina la Mungu."

"Ni kweli, Ortlieb?"

"Ni kweli, Bibi. Sikuona."

Markwart akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye daraja jembamba, kisha wakamrudisha mnarani. Uungwana nilikuwa nimeuimba miaka ishirini, katika kumbi za watu wakubwa kuliko Gerlach, na sikuwa nimewahi kuuona mpaka mchana ule. Niliona haya hata kugusa kinubi. Bwana Gerlach akanisukumia sahani ya samaki, nami nikala.

Alfajiri Padri Isenbard alipanda mnarani kumwungamisha. Alikaa sana. Mtu anayekwenda kufa huungama yote, hata kiapo cha uongo, na humweleza padri alikiapa kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, sijui nikisubiri nini. Padri aliposhuka alisimama mbele yangu, midomo ikamcheza. Lakini siri ya maungamo haivunjwi hata kwa upanga shingoni. Alinipita. Markwart alinyongwa kabla umande haujakauka.

Jumamosi nami niliungama. Nilimtajia padri ulevi, hasira na uvivu wa sala. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kuna lingine, mwanangu?"

"Hakuna, Padri."

Alingoja. Nje njiwa walikuwa wakilia juu ya paa la kanisa.

"Hakuna lingine kabisa?"

"Hakuna."

Siku ya Pentekoste Bibi Richenza alipokea sakramenti, akarudi mahali pake na uso uliotulia, mara ya kwanza tangu azike mwanawe. Kisha ikafika zamu yangu. Nilipiga goti. Mkono wa Padri Isenbard ulikuja na mkate mtakatifu, ukasita hewani karibu na uso wangu. Alichokijua kwa maungamo ya Markwart hakuwa na ruhusa ya kukitumia, hata kuninyima mkate ule.

"Mwili wa Kristo," alisema hatimaye, kwa sauti ya kuomba.

Nikafungua kinywa.