Simu Ndani ya Kikapu

Mvua ikianza Kolwezi, watu wengine wanakimbilia kuanua nguo. Mimi nashika simu. Nimeishika bafuni, nimeishika kanisani katikati ya mahubiri, na siku ya harusi ya mdogo wangu niliificha kifuani, ndani ya gauni, kama mama wa sokoni anavyoficha pesa zake. Shangazi zangu wakanong'onezana kwamba nina bwana wa siri. Laiti ningekuwa naye. Angalau angenisaidia zamu.

Simu hiyo inapokea habari kutoka kwenye mashimo ya ushirika mmoja wa wachimbaji, nje ya mji, upande wa barabara ya Mutshatsha. Programu yake tuliitengeneza sisi. Juu ya mashimo kuna mtaro, na katika mtaro kuna kifaa cha kupima maji na kamera ndogo kwenye nguzo. Maji yakipanda, simu inanguruma. Natazama picha, nikiona ni kweli nabonyeza, na ujumbe unawafikia wakuu wote wa mashimo: Tokeni. Vijana wanapanda kamba, na maji yanaingia kwenye shimo lisilo na mtu.

Mwanzoni programu ilituma ujumbe yenyewe. Lakini mbuzi walikuwa wakikanyaga kifaa, akina mama wakaziba mtaro wapate kufulia, na kila mara wachimbaji walitoka bure na siku yao ikapotea. Wakaja ofisini na masururu yao, hawakuja kusalimia. Ndipo Stany, mkuu wetu wa ofisi, chef kama tunavyomwita, akaamua kwamba ujumbe usitoke bila jicho la mtu. Tulikuwa wawili wa kuangalia, Muteba na mimi. Kabla mvua hazijaanza Muteba akapata kazi Lubumbashi, akaenda zake. Nafasi yake haikupata mtu.

Tangu hapo sijui usingizi ni nini. Mama akimimina maharage kwenye sufuria, naruka. Mwanangu Ariel amejifunza kunawa mikono taratibu ili nisishtuke, mtoto mdogo namna ile, na hilo linaniuma kuliko uchovu wenyewe. Ubaya zaidi ni kwamba macho yameanza kunidanganya. Natazama picha ya barabara naona maji, natazama maji naona barabara. Kuna siku niliona mtaro umejaa nikajiambia ni kivuli, nikaacha. Kilikuwa kivuli kweli, lakini sikujua, nilibahatisha tu, na chini kulikuwa na watu.

Nilimwomba Stany mtu wa pili. Niliomba hadi nikajionea haya. Stany si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alinisikiliza kwa uso wa huruma, akasafiri kwenda semina juu ya afya ya timu za programu, akarudi na kikapu.

"Ba-équipe ya mu dunia yote banafanyaka hivi," alituambia. "Kila asubui simu zote mu kikapu. Tunafunga macho, tunapumua. Kisha kila mutu anaonyesha kadi. Ya kijani, eko bien. Ya manjano, anachoka. Nyekundu, hawezi tena."

"Na simu yangu, chef?" nikauliza.

"Ni dakika kidogo tu, mama Abi. Mvula itakungojea."

Basi tukawa tunapumua. Siwezi kusema ni jambo baya. Mabega yanashuka, unasikia ndege nje. Tatizo lilikuwa kadi. Tangu tuanze, hakuna aliyewahi kuonyesha kadi isiyo ya kijani. Sisi sote, ukimtoa Stany, ni watu wa maombi, na katika makanisa yetu mtu hakiri ugonjwa kwa kinywa chake, maana kinywa kinaumba. Glodi, fundi wetu wa mitambo, alikuja na malaria, jasho linadondokea kompyuta, akainua kijani. "Mi niko mupona kwa imani," akasema, meno yanagongana. Jémima, anayejaribu kazi zetu kabla hazijatoka na anayeongoza waombaji kanisani kwake, alitoka kumzika mjomba wake akainua kijani. Mimi vilevile, kijani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na wachungaji kama wetu. Na Stany, kila wiki, aliwaandikia wenye mradi, wanaotulipa, kwamba timu yake haina hata mmoja aliyechoka.

Asubuhi ninayoisema, mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri ikakatika, na mawingu mengine yalikuwa yanapanda. Tulitia simu kikapuni, tukafumba macho, tukapumua. Stany akaomba kadi. Sikuwa nimepanga kitu. Mkono wangu ukachukua ile nyekundu.

Stany akakohoa.

"Labda unakosea kadi, Abi."

"Sikosee, chef. Mi naisha. Leo nikiona mayi, sitajua kama ni mayi. Munipatie mutu wa kusaidia, ao muniondoe pale kabla batu bafe."

Glodi alitazama viatu vyake. Jémima akasimama, machozi yakimlengalenga, akaja akanishika mikono.

"Usikiri vile, yaya, dada yangu. Kinywa yako njo inakufunga. Tutakuombea sasa hivi."

Wakanizunguka. Jémima akaniwekea mikono kichwani, Glodi begani, hata Stany, ambaye ni Mkatoliki wa misa ya Krismasi tu, akanishika kiwiko. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Sauti ya Jémima ilipanda na kushuka, ikikemea roho ya uchovu, roho ya kukata tamaa, na mimi nikalia. Usingizi niliokuwa nikiutafuta miezi yote ukanijia hapohapo nimesimama, na nikautaka kwa moyo wangu wote.

Ndipo nikasikia kitu kinanguruma. Nikadhani ni zile ngurumo za kila siku za kichwani mwangu, zisizo na kitu. Kikanguruma tena, kwenye kikapu.

"Simu yangu," nikasema.

"Usifungue macho," Jémima akasema, mikono yake ikizidi kunilemea. "Adui anataka kukuvuruga saa ya baraka yako."

"Pumua, Abi," Stany akaninong'oneza. "Iache kidogo. Pumua."

Nilijaribu kutoka wakanishika zaidi, kwa upendo, na huo upendo ulikuwa na nguvu. Simu ikanguruma mara nyingine. Nikamsukuma Jémima, akaanguka juu ya kiti cha Muteba. Nikapindua kikapu, simu zikatawanyika sakafuni, zote nyeusi, zote zinafanana, na yangu ilikuwa imeingia chini ya meza. Nikaifuata kwa magoti.

Picha ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Kitu kilikuwa kinavuka ukingo wa mtaro, au labda ulikuwa ukingo wenyewe, au njia ya pikipiki iliyoloa. Nilitazama, nikafuta macho, nikatazama. Sikuona chochote ambacho ningeweza kuapa. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani.

"Glodi, unaona nini?"

Akapiga magoti kando yangu, akaishika simu kwa mikono yake miwili.

"Mayi," akasema. "Ni mayi, Abi. Bonyeza."

Nikabonyeza.

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Kalonji, mkuu wa mashimo makubwa ya upande wa chini, ndiye aliyekuwa akipiga simu kutujulisha. Hakupiga. Jémima hakuomba tena, alikaa pale alipoangukia ameshika mdomo. Stany alitembea hadi dirishani akarudi, akaenda tena. Mimi nilikuwa nikiwaza mama zao, vijana wale, mmoja Kasai, mwingine Kapanga, ambao hawajui kwamba kuna mwanamke ofisini Kolwezi aliyekuwa amefumba macho.

Simu ikalia.

"Banatoka bote, huku na ku mashimo ingine," Kalonji akasema, pumzi zinamkata. "Ule wa mwisho mayi ilimufika ku shingo. SMS yenu ilikawia, mama."

Nikakaa chini sakafuni. Nyuma yangu nikamsikia Stany anacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Munaona? Tuliomba, na hakuna mutu anakufa. Na weye Abi, ulisema hauwezi. Si ulibonyeza?"

"Bwana asifiwe," Jémima akasema, na alimaanisha.

Stany akaenda ubaoni, kwenye safu ya majina yetu, akachora duara la kijani mbele ya langu. Nikamuuliza juu ya mtu wa pili.

"Tutaona kisha mvula kuisha," akasema.

Glodi alikuwa ameona. Alijua nani aliyesoma ile picha. Nilimtazama, nikimngoja aseme, naye akarudi kwenye kompyuta yake, akainamisha kichwa. Sikuwa na hasira naye. Aliogopa kinywa chake kama nilivyokiogopa changu mpaka asubuhi ile.

Nikatoka barazani, nikampigia Kalonji.

"Tata, usingojake tena SMS yangu. Ukiona mawingu inapanda, ondoa batoto."

"Juu ya nini?"

"Juu mi nachoka. Macho yangu haioni tena. Mayi ya leo, si mi niliiona."

Nilisikia vijana nyuma yake wakikohoa na kutaniana, mmoja akilalamika kwamba kiatu chake kimebaki shimoni.

"Banakuachaka peke yako ku ile kazi?"

"Peke yangu, tata."

"Huku kwetu mutu hashukake peke yake. Na ule mwenye kuwa chini akitingisha kamba, tunamuvuta. Hatumuulizake kama anachoka kweli. Tunamuvuta, ataelezea huku juu." Akatema mate pembeni. "Weye ukitingisha kamba, nani anakuvutaka?"

"Hakuna."

"Basi leo mi sishushe mutu tena. Enda ulale, mwanangu."

Ni mtu wa kwanza kuniambia hivyo tangu mvua zianze, na nusura nimtii. Lakini nikaanza kuwapigia wakuu wengine, mmoja mmoja. Mmoja alinicheka. Mwingine akasema kama ni kutoka kwa kila wingu, watakula nini, yeye anangoja ujumbe. Wa mwisho, wa mashimo ya juu karibu kabisa na mtaro, alinishukuru kwa kazi nzuri ya asubuhi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, maji yamepungua na watu wake wanashuka tena sasa hivi, maana wanajua niko macho.