Koti la Mikono Miwili ya Kulia

Mtaani walimwita Fundi Milimita, na jina hilo hakuliokota. Mteja akija kupimwa kiuno, fundi alimpima, akaandika, akamwambia apumue, kisha akampima upya, maana watu wengi wakiona tepu hubana tumbo halafu suruali ndiyo inayolaumiwa. Miaka ishirini na ushee hakuna nguo iliyowahi kurudishwa mezani kwake.

Sasa binti yake, ambaye nyumbani aliitwa Kidomo kwa sababu zilizosikika tangu asubuhi, alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea akiwa na fomu moja na hadithi mbili, na miguu haina habari ya kuingia.

Shuleni kulikuwa na shindano la uandishi wa hadithi, na mwisho wa kupokea kazi ulikuwa kesho asubuhi. Mwalimu wa lugha aliweka sharti moja: mzazi asikilize hadithi yote, ndipo atie sahihi. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alishinda kwa hadithi iliyoandikwa na kaka yake, na tangu siku hiyo mwalimu haamini uso wa mtoto yeyote.

Kidomo hakuwa na kaka wa kumwandikia. Tatizo lake lilikuwa jingine. Hadithi yake, ile aliyoiandika akicheka peke yake mpaka penseli ikamdondoka, ilimhusu baba. Ilihusu koti la harusi ambalo Fundi Milimita alijishonea mwenyewe, akalitia mikono miwili ya upande mmoja. Ilikuwa siri ya nyumba ile. Na mshindi angesoma ukumbini, mbele ya wazazi wote, ambao nusu yao wangekuwa wamevaa kazi za baba.

Kwa hiyo jana aliandika ya pili, ya akiba, ya binti mfalme kwenye msitu wa dhahabu.

"Unaingia au unashikilia mlango usianguke?" baba aliuliza bila kuinua kichwa.

Aliingia, akaketi kwenye kigoda, hadithi ya koti akaikalia. "Baba, kuna fomu ya shule. Inabidi usikilize kwanza."

"Soma. Masikio hayana kazi, ni mikono tu."

Cherehani ya baba ilikuwa ya kukanyaga, na Kidomo alijua kuisikiliza tangu utotoni. Habari isiyomgusa baba, mguu uliendelea kukanyaga. Ikimgusa, mguu ulisimama wenyewe. Hata kinyozi wa jirani, aliyekuja kila siku kumwaga umbea dirishani, alijipimia humo humo: cherehani isiponyamaza, aliondoka kuongeza chumvi.

Kidomo akasoma. Binti mfalme akapotea, mguu ukaendelea. Akakutana na chui anayezungumza, mguu ukaendelea. Akapata taji lake, akaolewa, akatawala, na baba akafika mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Nzuri. Imenyooka. Nimeshona mguu mzima wa suruali bila kuyumba."

"Hiyo si sifa?"

"Kwa suruali, ni sifa." Akamtazama juu ya miwani. "Na hizo ulizokalia?"

Kidomo alihisi karatasi zinaungua chini yake. Akazitoa. Akasoma kwa sauti ya mtu anayeungama, na hakufika hata mstari wa nne. Mguu ukasimama. Akaendelea kusoma kwenye ukimya ule mpaka mwisho, macho chini. Mlangoni mama alikuwa amefika na nguo za kukunja, na shuka moja alikuwa amejiziba nayo mdomo.

"Nani alimwambia?" baba aliuliza.

"Mimi sikusema, mume wangu," mama alijibu. "Nilimwonyesha picha ya harusi ukutani, mikono ya koti. Kidole tu."

"Mshindi anasoma wapi?"

"Ukumbini," alisema Kidomo.

"Mtoto wa kinyozi yuko darasa gani?"

"La kwangu."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha bitana. Hiyo miaka ishirini na ushee, jina lile la mtaani, vyote angekabidhiwa kinyozi avipige wembe.

"Nitapeleka ya binti mfalme," Kidomo alisema haraka. Alikuwa anamaanisha. "Hata hii naichana."

Baba akakanyaga mara mbili, akaacha. Sindano haikuwa na uzi.

"Umeandika mikono miwili ya kushoto?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa ya kulia."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye shuka kuukuu. Koti la kijivu lenye mistari myembamba. "Vaa. Mtu haandiki nguo asiyoijua."

Kidomo akalivaa. Mkono wa kulia ulikaa vizuri. Wa kushoto ulipinda kinyume, ukamvuta kiganja kwenda nyuma kama vile kuna mtu anamwita. Ndipo akaielewa ile picha: bwana harusi amesimama wima, mkono mmoja mgongoni.

"Wageni walisema nimeolewa na jenerali," mama alisema. "Mimi nikasema nipe mkono wa pili, mkono ukagoma. Nilicheka mpaka nikakalishwa kitini. Nikajua huyu nitakaa naye."

"Ilikuwaje, baba?"

"Nilikata mkono wa kwanza. Ili upate wa pili, lazima ugeuze karatasi ya kukatia. Kalamu iko wapi? Andika. Sikugeuza, maana pale pale kuna msichana alipita dirishani, amebeba ndoo, anaimba vibaya. Nikakata huku natazama nje. Kitambaa kikaisha."

"Ala," mama alisema. "Kumbe kosa langu? Na nilikuwa naimba vizuri."

"Hayo ya ndoo hukuyaandika," baba alimwambia Kidomo. "Na ndiyo hadithi yenyewe. Umewaandikia watu koti, ukaacha dirisha."

Kidomo akaandika upya pale pale mezani, kati ya chaki na mkasi, na koti mgongoni, akiishika karatasi kwa taabu kwa ule mkono unaotaka kwenda nyuma. Jua lilipolegea aliisoma tena yote. Mguu wa baba haukugusa pedali hata mara moja.

Baba akaisoma fomu, akaisoma mara ya pili, akatia sahihi. Chini palikuwa na mistari miwili ya maoni ya mzazi. Akapima nafasi kwa macho, kisha akaandika kwa herufi zilizobanana kama mshono wa kola:

"Nimesikiliza yote. Ameandika mwenyewe. Kosa la mikono ni langu, la dirisha ni la mama yake."