Betri ya Redio ya Sufuria

Mwalimu Nkulu hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alipoamua kwamba redio ya marehemu baba yake itasema tena, aliamua vilevile kwamba haitasema huku nyaya zikining'inia nje kama matumbo ya kuku. Redio ile ya bati, mviringo kama sufuria, ilidai betri ya enzi zake: kifurushi kizito cha volti tisini ambacho maduka ya Nchelenge yaliacha kukiuza wanawe wangali wanatambaa.

Basi akaiunda mwenyewe. Alizishikanisha betri ndogo za mraba, mkia kwa kichwa, mpaka zikatimiza volti tisini. Kando yake akayalaza mawe ya tochi ya kuwasha taa za ndani ya redio. Akakata katoni ya sukari, akaigandisha iwe sanduku kwa uji wa muhogo, akalivika karatasi aliyoichora nyekundu na buluu kama ile aliyoikumbuka, kisha akaziba juu kwa nta ya mishumaa.

"Bashi Webby," mkewe Mable alimtania, akimwita kwa jina la mwanawe, "mbona unaipamba kama bibi harusi? Ndani ya redio nani ataiona?"

"Yaya ataiona," alijibu, asicheke.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Yaya Brigitte, kama alivyomwita dada yake mkubwa, alivushwa ziwa kutoka Kilwa, ile ya Kongo, hadi Nchelenge mwaka ule wa tisini na nane, vita vilipowaka tena upande ule. Tangu afike, alimdhania mdogo wake kuwa ndiye baba yao. Alimwita "tata" na kumwamkia kwa magoti. Magoti ya dada aliyembeba mgongoni yalimchoma Mwalimu kuliko tusi. Huko Kilwa, utotoni, waliisikiliza redio hii pamoja, yeye akisinzia mapajani pa Brigitte. Alitumaini kwamba dada akiiona betri ile, atamwona na yeye.

Asubuhi alimwekea mezani. Brigitte akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Sanduku hii ni ya nani?"

"Ni betri ya redio yetu, yaya."

"Hapana, tata. Yetu haiko hivi. Hii ni ya batu ba feza, ya batajiri."

Mwalimu alichukua kofia yake, akaenda zake ufukoni bila kuaga.

Aliporudi, jua la Oktoba lilikuwa utosini na meza ilikuwa tupu. Betri aliikuta nyuma ya nyumba, juu ya uchanja, katikati ya dagaa wa chisense waliokuwa wakikauka. Nta ilikuwa imeyeyuka ikatiririka mbavuni, na karatasi yake imejikunja kama jani la tumbaku. Brigitte alikuwa ameketi kando yake, akifukuza kuku.

"Nani ameharibu—" Mwalimu akanguruma, kwa sauti iliyozoea kunyamazisha shule nzima.

"Weye Seba!" Brigitte akamkata. "Rudi nyuma, unaitia kivuli! Tata akikuta haina nguvu, nani atachapwa? Miye! Kila siku miye!"

Mwalimu akarudi hatua moja nyuma. Miaka mingi hakuna aliyemwita Seba, jina lake la utotoni. Ndipo akakumbuka alichokisahau: betri yao ilikuwa mpya siku chache tu. Siku nyingine zote ilianikwa juani, kama watu wanavyoanika mawe ya tochi, ili itoe jioni moja zaidi. Nayo ilirudi ndani imechakaa hivihivi, ikinuka nta.

"Nilikuya kuangalia tu, yaya," akasema, kwa sauti ndogo.

"Angalia na macho, si na mikono. Na hivi viatu bikubwa ni bya nani? Umeiba bya tata? Vua!"

Mwalimu Nkulu, ambaye hata wajukuu hawakuwahi kumwona bila soksi, aliinama, akafungua kamba. Akaketi mchangani, miguu mitupu, magoti kidevuni.

Mable alichungulia mlangoni, akaziba mdomo kwa kitenge. "Niilete redio, Bashi Webby?"

Mwalimu akamtazama dada yake kwanza.

"Bado," Brigitte akasema. "Haiyapata moto muzuri."

"Umesikia," Mwalimu akamwambia mkewe. "Bado."